Arifa Zilizonyamazishwa

Fanksheni ile, kipande cha programu ya simu, niliiandika mimi, na niliiandika vizuri. Kazi yake ilikuwa hivi: arifa za mtu yuleyule zikifutwa mara kumi bila kufunguliwa, mfumo wa simu uzinyamazishe. Zisilie, zisitokee kwenye kioo, zikakae chini kabisa pamoja na matangazo. Bosi alinisifu mbele ya wote, nikavimba kichwa.

Kazini kwetu kila mtu hujaribu programu yake kwenye simu yake mwenyewe kabla haijawafikia wateja. Nikaiweka kwenye yangu. Niliufurahia utulivu, wala sikujiuliza ni nani amenyamazishwa.

Baba yangu, mpiga chapa mstaafu, hakujua kufupisha. Ujumbe wake wa sauti ulianza na salamu, ukapita kwa majirani wote, ukaingia kwenye bomba linalovuja, ukaishia na kikohozi. Kila asubuhi. Nami, kwa kujifanya nina shughuli nyingi, niliufuta nikijiambia nitampigia jioni. Jioni ipi, hata sijui.

Alhamisi kaka akanipigia. Baba alikuwa amefariki.

"Mbona hamkuniambia anaumwa?" nikang'aka.

"Alikuambia mwenyewe, siku tatu mfululizo. Sisi tulitaka kupiga, akakataa. Akasema, 'Msimkatize kazi, akisikia ujumbe wangu atakuja.'"

Kabla ya kutoka ofisini nilifungua kumbukumbu za mfumo nitafute kosa. Naapa, nililiombea kosa lile liwepo. Mwenzangu wa meza ya pili akasoma mstari kwa mstari, kisha akavua miwani.

"Pole sana," akasema. "Imefanya kazi sawasawa."

Mara ya kumi niliyomfuta Baba ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita, saa tatu na dakika nne asubuhi, katikati ya kikao. Nakikumbuka kikao kile. Tulicheka sana.

Nyumbani Mama alinishika mikono yote miwili.

"Simu yako iliharibika, siyo?"

Niliitazama mikono yake.

"Ndivyo nilivyomwambia baba yako. Kila akiuliza kama umejibu, namwambia, simu ya mwanao mbovu. Jana akasema, 'Maskini, atakuwa anahangaika kunitafuta.' Basi, akatulia."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Iliharibika."

Niliona aibu hata kulia mbele yake.