Jua Huwahi Kuzama Namutwe

Kutoka Rundu hadi Namutwe ni kilomita mia nne na themanini kwa ndege. Kwa gari ni saa nane, na Inonge Sitali, aliyejifungua asubuhi na kuvuja damu mchana kutwa, hakuwa na saa nane. Daktari wa huko alipopiga simu kuomba damu, mimi, nesi Hausiku, nilikabidhiwa boksi la barafu lenye mifuko minne, nikapanda ndege ndogo ya rubani Ndeshipanda.

Kiwanja cha Namutwe ni cha changarawe, hakina taa. Ndeshipanda alikuwa amepiga hesabu: safari ni saa moja na dakika arobaini. Tukiondoka saa kumi na dakika thelathini na tano, tungetua saa kumi na mbili na robo, na jua lingebakiza dakika kumi na nane. Nafasi ipo, alisema.

Tulipouacha mto Okavango nyuma, upepo wa mashariki ukatupiga usoni. Ndeshipanda akatazama saa, akaandika kitu kwenye karatasi iliyokuwa gotini, akakifuta. Nikamuuliza kuna nini.

"Sista, nimekosea," akasema. "Nimehesabu kwa jua la Rundu. Tunakokwenda ni mashariki, linawahi kuzama. Na upepo huu unatuchelewesha robo saa nzima."

"Kwa hiyo?"

"Kiwanja cha Katima, hapo njiani, kina taa. Tutue kule, damu iende kwa gari."

Kutoka Katima hadi Namutwe kwa gari ni saa mbili za njia ya mchanga. Akamwita daktari kwa redio; jibu likaja kwamba Inonge hawezi kuzisubiri saa hizo mbili.

Ndeshipanda akasema, "Chini upepo ni mdogo. Lakini kuna moshi wa mbuga zinazochomwa, na tutarushwa kama magunia. Ikifika saa kumi na mbili na nusu sijakiona kiwanja, naenda Katima. Hapo usinibembeleze."

Nikamwambia ashuke.

Tulishuka hadi nikayaona matawi ya miti. Moshi ukaingia ndani, nikatapika huku nimelikumbatia boksi. Jua likazama nyuma yetu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita mbele palikuwa na kiza cha moshi tu. Ishirini na nane, vilevile. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kugeuza usukani nilipoona madoa meupe, mstari huku na mstari kule.

"Pale!"

Yalikuwa mashuka ya wodi. Wauguzi walikuwa wameyatandika kwenye kingo zote mbili za kiwanja na kuyawekea mawe. Tulitua kwa kishindo, tairi moja likapasuka, tukasimama upandeupande. Nilishuka nikikimbia.

Mfuko wa tatu ulipokuwa ukiingia, Inonge alifungua macho akauliza kama mtoto amenyonya. Nikatoka kumpa Ndeshipanda habari. Nilimkuta kwenye ngazi ya hospitali akimwandikia bosi wake barua, akieleza kosa lake kabla hajaulizwa na mtu. Alisimamishwa kuruka wiki tatu. Hakulalamika.