Hodi Katika Ofisi ya Vikaratasi

Jana usiku nikaota tumekwisha kuondoka. Sikuambiwa tunakwenda wapi, sikuaga mtu, sikufunga hata mzigo. Nilishtukia tu nimo katikati ya msafara na miguu inatembea kama inayojua iendako. Hilo halikunishangaza. Nimeondoka sehemu nyingi hivyohivyo nikiwa macho.

Mbele yangu ilitembea barua ya kuomba kazi, imevaa tai. Nyuma yangu ulifuata wimbo wa kwaya, unarudiarudia ubeti wa kwanza kwa sababu wa pili haukurekodiwa.

"Tunahamia wapi?" nikaiuliza barua.

"Diski mpya. Hii ya zamani imechoka. Husikii inavyokwaruza?"

Nikasikiliza. Kweli, ardhi ilikuwa inakwaruza chini ya nyayo, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Sasa mimi nahusikaje? Mimi ni mtu."

Barua ikanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Kila aliyemo humu ni faili, mzee. Usituletee maringo."

Nimewahi kuitwa mengi, faili si baya kuliko mengine. Nikajipapasa shingoni nikakuta uzi, na kwenye uzi kikaratasi kimening'inia. Kimeandikwa kwa penseli: BABA WA SIWEMA.

Tukafika kwenye daraja. Barua ikatangulia kuvuka. Ilipofika katikati uzi wake ukakatika, kikaratasi chake kikadondoka majini, nayo haina habari, inatembea tu na tai yake. Ng'ambo kuna mlinzi.

"Wewe wa nani?" anauliza mlinzi.

Barua inajifungua, inasoma yote yaliyomo ndani yake, kuanzia "Ndugu Meneja" mpaka "Wako mtiifu". Haikukosea hata nukta.

"Vizuri. Wa nani?"

Barua inajitazama shingoni. Hakuna kitu. Mlinzi akaishika mkono taratibu akaipeleka kwenye banda lililojaa vitu vizima visivyo na mwenyewe. Mlango ukafungwa.

Nikarudi nyuma hatua tatu nikamkanyaga mama mmoja mnene aliyekuwa anashona kando ya njia, cherehani chini, futi ya kitambaa shingoni.

"We baba, macho umeyaacha diski gani?"

"Samahani, mama. Hivi wanavyovusha watu ni vipi?"

"Daraja linavusha kilichomo ndani," akasema. Aliitwa Bi Tunu, na kazi yake ilikuwa kutia viraka sheria za pale zinapochanika. "Cha kuning'inia nje halikijui. Hicho chako cha penseli kitaanguka kama cha mwenzako. Nenda Ofisi ya Vikaratasi ukaandikwe kwa wino, ndani ya mwili. Na ukimbie. Diski ikiacha kukwaruza, imekufa, na wewe umo."

Siwema ni binti yangu, yuko Mpanda. Mama yake alipozikwa mimi nilikuwa Geita nachekecha udongo, na habari ilinikuta arobaini imepita. Tangu siku hiyo haniiti baba. Hupiga simu mara moja kwa mwaka, husema, "Wewe mzee, bado upo?" Nikisema nipo, anakata. Kitu pekee kinachosema mimi ni baba yake kilikuwa hicho kikaratasi cha penseli. Nikakimbia.

Ofisi ya Vikaratasi ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba arobaini na mlango wa nje mmoja. Mlangoni ameketi kufuli mkubwa kama mbuzi, juu ya kigoda, anatafuna karanga. Foleni imezunguka nyumba mara mbili.

"Foleni," akasema Kufuli.

"Naiona. Mbona haisogei?"

"Kuna mtu ndani."

"Vyumba arobaini, mtu mmoja?"

"Akiwa mmoja hagombani na mtu."

"Anafanya nini?"

"Anasoma tangazo ukutani, chumba cha kumi na mbili."

"Linasemaje hilo tangazo?"

"Tusikawie."

Nikamwambia yule anasoma chumba cha kumi na mbili, mimi nataka vyumba vingine kabisa, tutagombana wapi? Akasema hayo ni mambo ya vyumbani, yeye ni wa mlangoni. Nikamuuliza nani mkubwa wake. Akasema hana mkubwa, ndiyo maana anaitwa Kufuli Mkuu. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nimepika gerezani, nimebeba mizigo stesheni tatu. Huyu mtu nimekutana naye kote huko.

Bi Tunu akatokea nyuma yangu akihema, sindano mdomoni.

"Toka mwaka juzi nawaambia! Kufuli moja kwa nyumba nzima ni ujinga." Akatoa kiraka cha kitenge, akakishona kwenye paji la uso la Kufuli, akakata uzi kwa meno.

Kufuli akapasuka. Hakukuwa na kishindo. Walitoka kufuli wadogo arobaini, wakubwa kama embe dodo, kila mmoja akakimbilia mlango wa chumba kimoja, na wote wakaanza kusema "Foleni! Foleni!" kwa sauti nyembamba.

"Umewaongeza!" nikamwambia Bi Tunu.

"Nimewagawa. Sasa kila chumba kina chake. Wenye shida ya kutazama watazame dirishani, hata mia, ruksa. Mwenye shida ya kuandika anabisha hodi. Akiambiwa karibu anaingia, na chumba ni chake mpaka atoke. Asipoambiwa karibu haingii."

"Nikisukuma mlango?"

"Utafunguka. Hauna komeo."

"Sasa kinachozuia ni nini?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Adabu."

Vyumba nilivyohitaji vilikuwa viwili vimepakana: Chumba cha Mwili na Chumba cha Vikaratasi. Lazima uwe navyo vyote kwa pamoja, la sivyo wino haushiki. Nikabisha hodi Chumba cha Mwili. Kufuli mdogo akasema, "Karibu." Nikaingia. Ndani mlikuwa na mwili wangu umelala juu ya meza, umejifunika shuka, unakoroma. Nikauacha. Nikaenda kwenye mlango wa kati, unaotokea Chumba cha Vikaratasi.

"Hodi!"

Kutoka upande wa pili: "Hodi!"

Nikasubiri. Si jibu hilo. "Hodi humo!"

"Hodi humo!"

"Nani anabisha?"

"Sisi tunabisha! Wewe je?"

"Mimi nabisha!"

Nikachungulia tundu la ufunguo. Ni picha ya harusi, bwana na bibi wamesimama ndani ya fremu moja. Wao walianzia Chumba cha Vikaratasi, sasa wanautaka Mwili. Mimi nimeanzia Mwili, nakitaka chao.

"Semeni karibu, niingie," nikasema.

"Sema wewe kwanza," akasema bibi harusi. "Sisi tumevaa."

"Mwenye chumba hawezi kukaribisha akiwa na kazi," kufuli wangu mdogo akanong'ona. "Mpaka umalize."

"Nitamalizaje bila kuingia kwao?"

"Hilo sijui. Mimi ni wa chumba hiki."

Yule wa upande wa pili naye nikamsikia akiwaambia wenzangu maneno yaleyale. Ukoo mmoja.

Nikajaribu njia ya wazee. Nikasema, jamani, desturi inajulikana, hodi mara tatu, usipojibiwa unakwenda zako. Mmepiga tatu, nendeni.

"Tumejibiwa," akasema bwana harusi. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyeshikwa kiwiko. "Tumejibiwa hodi."

"Hodi si jibu!"

"Basi na wewe hukujibiwa. Nenda wewe."

Hapo ukwaruzaji chini ya sakafu ukapungua. Ukawa kama mtu anayekwangua ukoko, kijiko, kimya, kijiko. Dirishani watazamaji wamejaa, maana kutazama ni ruksa: wimbo wa kwaya, ramani ya mashamba, vyeti vya chanjo, na Bi Tunu katikati yao.

"Mmepandana!" akapiga kelele. "Mmoja atoke!"

"Kwa nini hukuweka sheria nani aanzie wapi?" nikamuuliza.

"Nilisahau! Nitaishona sasa hivi, lakini haiwagusi mlioingia kabla. Mmoja atoke kwa hiari yake."

"Hatutoki," akasema bibi harusi. "Mwaka wa sita huu naning'iniza kikaratasi kinachosema 'Harusi ya kwanza'. Ya kwanza! Kwani kuna ya ngapi?"

"Nilikuwa naweka kumbukumbu tu," akasema bwana.

"Nyamaza, Gervas. Leo kinafutwa."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika mlango. Hauna komeo. Ukisukuma unafunguka, na kalamu mbili zitaandika juu ya karatasi moja, na Siwema atakuwa harusi, na harusi itakuwa baba. Wamo msafarani wa namna hiyo, nilikuwa nimewaona: nusu risiti, nusu shairi.

Nikauachia mlango. Maisha yangu yote kama kuna jambo moja nimelijua sawasawa ni kutoka. Watu wengine wanajua kujenga, wanajua kuoa wakakaa. Mimi nikitoka natoka. Nikamwambia kufuli mdogo, "Baki salama," nikatoka nje, nikapanga foleni ya vyumba hivyo viwili, nyuma ya maharusi.

Waliingia, wakafuta neno "kwanza" kwa dakika moja. Kisha wakaanza kubishana waandike nini mahali pake. Nawasikia. "Ya pekee." "Pekee ni neno la matanga." "Ya kanisani." "Kwani ya wapi tena?" Chini, kijiko. Kimya. Kimya. Kijiko.

"Acheni wazi!" nikapiga kelele. "Andikeni 'Harusi', mtoke!"

Wakatoka. Bibi harusi akapita mbele yangu akasema, "Mzee una haraka kama umeachiwa jiko linawaka." Bwana akanipa mkono, akashukuru.

Nikabisha hodi Mwili, nikaambiwa karibu. Nikabisha Vikaratasi, nikaambiwa karibu. Ndani ya Vikaratasi hamna mtu, kuna kalamu ya wino imevaa miwani.

"Jina la kikaratasi?"

"Baba wa Siwema."

Kalamu ikaenda kwenye mwili wangu, ikainua shuka, ikafungua kijidroo ubavuni kikubwa kama kiberiti. Ikatikisa kichwa.

"Pamejaa."

"Pamejaa nini?"

"Vikaratasi vyako vya zamani. Umetembea sana, mzee, umeokota mengi. Ukitaka nafasi zaidi kuna ghala la nje. Unaomba kwa maandishi, chumba cha thelathini na tisa, hodi yake hujibiwa Alhamisi."

"Diski inakufa saa hii!"

"Basi kitoke kimoja. Nikusomee uchague?"

Vilikuwa kama ishirini, vimekunjwa vidogovidogo. Kalamu ikachukua cha kwanza, ikaanza kukikunjua pole kwa pole kama karani anayelipwa kwa siku. Chini ya sakafu nikasikia kimya kirefu kuliko vyote.

"Usisome! Toa chochote!"

"Ukishatoa hakirudi."

"Nimesema chochote, mama yangu, chochote!"

Kalamu ikakitupa dirishani bila kukitazama. Ikaandika kwa wino. Nilisikia herufi moja moja, zinawasha. Mwili ukaamka mezani, ukaniingia au nikauingia, tukakimbia.

Darajani uzi ukakatika, kile cha penseli kikaenda na maji. Mlinzi akasimama.

"Wewe wa nani?"

"Wa Siwema. Baba yake."

Akanifungua shati, akasoma ubavuni, akafunga kifungo. "Pita." Nyuma yangu kukawa kimya kabisa. Nilipogeuka hapakuwa na daraja, wala cherehani, wala nyumba ya vyumba arobaini.

Nikaamka saa mbili asubuhi, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kwa mpwa wangu Zena. Zena hutunza kompyuta za ofisi moja ya mbegu, zile zinazotumia Linux. Alikuwa sebuleni na nguo za jana, chai imepoa.

"Mjomba, umepiga kelele usingizini. 'Chochote, chochote.' Chochote nini?"

"Kazi yako imekwendaje?"

"Nimehamisha mafaili yote. Diski ya zamani imekufa mkononi mwangu, dakika moja baada ya la mwisho kutoka. Na yamenisumbua, mjomba! Kufuli zilishikana, hili linangoja lile, lile linangoja hili, sijalala."

"Wangebisha kwa utaratibu," nikasema.

Akanitazama, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nikatoka uani kunawa. Nyanzobe anayetuuzia viazi akapita na beseni lake, akanisalimia kama kila asubuhi, kwa Kiha. Nilikaa Kasulu miaka saba. Nililima huko, nilicheka huko, Kiha nakisema mpaka nikigombana. Leo nikamsikia sauti yake, nikauona mdomo wake unacheka, nisiambulie hata neno. Akarudia. Nikatafuta la kujibu, nikakuta pale lilipokuwa pameachwa peupe, kama kijidroo kilichotolewa kikaratasi.

"Mzee, nakusalimia," akasema kwa Kiswahili. "Leo umenichunia?"

Nikasema sikusikia. Akaongea tena, kirefu, kwa Kiha, akingoja nicheke. Sikucheka.

Mambo yaliishia hivi. Bwana na bibi harusi walivuka mbele yangu, kikaratasi chao kinasema "Harusi", basi. Wimbo wa kwaya ulivuka na ubeti wake mmoja. Barua ya kuomba kazi imo bandani. Zena anasema lipo faili moja limefika zima na halijulikani la nani, ameliweka pembeni. Kufuli Mkuu alikwisha kuwa arobaini, na wote walibaki milangoni. Bi Tunu sikumwona akivuka. Zena amelala mezani tangu saa nne. Siwema alipiga simu saa saba mchana, na si mwezi wake wa kupiga. Alisema, "Baba, bado upo?" Nikasema nipo, hakukata. Nyanzobe hasemi na mimi.