Kichwa cha Injini Chini ya Kitanda

Vital alipokuja kuniomba kulasi ya marehemu mume wangu, hata kukaa hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akikodolea macho kitanda changu bila haya, maana alijua iko chini yake. Kulasi ni kichwa cha injini, pande zito la chuma linalofunika mitungi. Hii ilikuwa imelala kwangu, mtaa wa Ngezi, Bunia, mwaka mzima na zaidi, imeviringishwa ndani ya gunia lenye grisi, tangu Adrien alipouawa.

"Mama Françoise, tunataka kuamusha association," alisema. "Projet moja inaleta école ya mécanique. Batakuya lundi kutuangalia. Kama bakute association haiko, école inaenda Mahagi."

"Iende." Shule yao na wakaguzi wao wa Jumatatu havikunihusu.

"Mama, tafadhali. Kasereka atakuya kubeba ile culasse. Weye hautasumbuka."

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Huyu Vital ni katibu wa Chama cha Mafundi Magari wa Ituri. Vita ilipochacha alikimbia hadi Beni na daftari la chama kwapani, mke wake akamfuata nyuma na godoro na watoto. Leo ananihurumia nisisumbuke.

"Na Gaspard atakuya?" nilimuuliza. Huyo ndiye mwenye pampu ya mafuta.

Aliangalia kofia yake. "Iko na pompe. Bila pompe, moteur haiwake."

"Basi culasse nitaileta miye mwenyewe. Nitaifunga miye, na jina ya Adrien nitaitikia miye."

"Mama, mwanamuke hajawahi..."

"Vital, ni nani alikuwa anasaga ma-valve ya moteur yenu, mukiwa munakunywa bia?"

Akavaa kofia yake akaenda.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu chama chetu: hakikuundwa kwa upendo. Hapo zamani mwenyekiti mmoja alikuwa akifanya mkutano peke yake na kuwagawia wapwa zake vyeti vya ufundi, watu wasioweza hata kubadili tairi. Wenzake walipochoka, waliichukua injini ya kufundishia, iliyotoka kwenye lori kuukuu la mgodi wa Kilo, wakaifungua. Bloku waliiacha uwanjani kwa uzito wake. Vipande vingine saba waligawana mafundi saba, wa Bunia, wa Kilo, wa Mahagi, kila mmoja akaenda na chake nyumbani. Tangu siku hiyo hapakuwa na mkutano halali mpaka vipande vyote vikutane, injini ifungwe na iwake.

Na kila fundi, kabla ya kufunga kipande chake, hutangaza mbele ya wenzake kimelala wapi na kimefanya kazi gani, maana ukificha ubovu wa chako utavunja vya wenzako. Mwishoni katibu huita majina injini ikiunguruma. Usipoitika moto ukiwa unawaka, wewe si mwanachama mpaka mwaka ufuatao, ila kipande chako kinabaki, kwa kuwa kimeshafungwa. Na injini huwashwa mara moja tu kwa siku ya mkutano. Waliotunga sheria hizo walikuwa mafundi na walijuana vizuri.

Gaspard na Adrien walifanya kazi miaka ishirini katika karakana moja. Walikula sahani moja. Nimempikia Gaspard sombe mara nyingi kuliko mke wake Patricia. Mei ya mwaka elfu mbili na tatu wenye bunduki walipoingia nyumbani kwetu, Adrien akiwa anakunywa chai, walimwita kwa jina na kwa kazi yake: "Adrien wa culasse." Wakamtoa nje. Nilisikia mlio kabla sijamaliza kufunga kitenge. Kilio kilikaa siku tatu, na siku zote tatu niliangalia mlango wa ua. Walikuja watu waliotembea kutwa nzima wakikwepa risasi. Gaspard, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu, hakuja. Wala hakuja baadaye. Tukikutana sokoni alikuwa akigeukia vitunguu.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Aniambie, machoni, kwa nini hakuja kumzika rafiki yake.

Jumamosi niliipakia kulasi kwenye toroli nikaisukuma mwenyewe. Ilinivunja mgongo, na barabarani vijana wa pikipiki walinicheka, nikawatukana mpaka wakanyamaza. Karakana ya chama ilikuwa imebaki kuta. Mabati waliyaiba, mlango waliuiba, hata nyaya za umeme walizing'oa ukutani. Bloku peke yake iliwashinda. Ilikuwa pale pale chini ya turubai, na kuku wa jirani walikuwa wametagia ndani ya mtungi wa tatu.

Mafundi walikuwa wamesimama kila mtu upande wake, kipande chake miguuni, hakuna anayezungumza na mwingine. Huyu alishuku kwamba yule aliwatengenezea magari waliochoma mtaa wake, na yule alishuku vivyo hivyo. Sylvestre wa Mahagi alikuwa amekalia pistoni zake. Kasereka alikuwa ameazima betri, akailinda kwa miguu yote miwili. Fundi wa Kilo alikuwa na panga kiunoni na hakuna aliyemwuliza la nini. Nilitoa salamu. Waliojibu waliangalia toroli, siyo mimi.

Gaspard alifika wa mwisho, pampu ya mazutu, yaani dizeli, imefungwa kwa kitambaa cheupe kwapani. Alikuwa amenenepa. Hilo liliniudhi kupita kiasi.

"Habari, mama Françoise," alisema.

"Funga mdomo mpaka zamu yako."

Tukaanza. Sylvestre alitangaza pistoni zake: zilizikwa shambani Mahagi, ndani ya ndoo ya mafuta, hazikufanya kazi. Akazifunga. Kisha ikawa zamu yangu.

"Culasse ya Adrien," nilisema. "Ililala chini ya kitanda yangu. Haikufanya kazi yoyote. Haikutoka."

Hakuna aliyenisaidia kuinyanyua, nami sikuomba. Niliilaza juu ya joint mpya, karatasi nene ya kuzibia, nikaanza kukaza bulon, zile bolti kubwa, jinsi Adrien alivyonifundisha: unaanza katikati, unatoka nje taratibu, huku na huku, kisha unarudia. Ukianzia pembeni unaipinda. Kasereka aliangalia mikono yangu, halafu akaniletea ufunguo mrefu wa kukazia. Wakafuata wenye injekta, radieta, stata na kichujio. Kila mmoja alitangaza akafunga.

"Pompe," Vital alisema. "Gaspard."

Gaspard alifungua kitambaa chake. "Pompe iko bien. Ililala kwangu mu nyumba, nyuma ya kabati. Haikutoka. Haikufanya kazi."

Aliinama kuifunga. Nikaona, nikasogea karibu.

Pampu inapofungwa au kutolewa kwenye injini, fundi hupiga mstari mmoja kwa patasi, nusu kwenye pampu, nusu kwenye bloku, ili siku ya kuirudisha nusu mbili zikutane na mafuta yaingie kwa wakati wake. Ni mazoea ya mkono. Fundi wa Ituri anaupiga hata akiwa amelewa. Mstari wa zamani wa injini yetu ulikuwepo, umejaa kutu. Na kando yake, upana wa kucha, kulikuwa na mwingine juu ya pampu, mweupe, mpya, ambao bloku yetu haikuwa na nusu yake.

"Gaspard," nilisema. "Hii mustari ya pili ni ya moteur gani?"

Alifunika pampu kwa kiganja. Wote walikuwa wamesikia. Sylvestre alimtoa kile kiganja kama unavyomtoa mtoto mkono kwenye chungu, akachungulia.

"Iko mbili," alisema.

"Sema," nilimwambia Gaspard. "Miaka makumi mbili ulikula kwangu. Sema kweli mara moja."

Alikaa chini, kwenye mafuta, na suruali yake safi.

"Balikuya na bunduki," alisema. "Ile camion yao ilikuwa ya mine, moteur ni sawa na hii. Pompe ilikufa, culasse ilikufa. Bakanipeleka kwa Adrien, siye wawili. Bakasema, tengenezeni ao mukufe. Nikaleta pompe. Nilikuwa naogopa, mama. Nikaifunga."

"Na ukapiga mustari."

"Mukono ilipiga yenyewe."

"Na Adrien?"

Hakuinua kichwa. "Adrien alikuwa na culasse mbili. Hii ya association, na ingine ya zamani ku garage, imepasuka. Akawafungia ile ya kupasuka. Aliziba mupasuko na savon na majivu, akapaka rangi. Nikamuambia, Adrien, watatuua. Akaniambia, ile nzuri ni ya wanafunzi, haiende kubeba wauaji. Camion ilipanda barabara ya Kilo, ikachemuka, ikakufa ku mupando. Bakarudia. Bakanikuta miye wa kwanza."

Nje, gari la deraya la walinda amani lilipita, na kuta zikatetemeka kidogo.

"Bakauliza nini?" nilisema, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Bakauliza ni nani alifunga culasse." Alijifuta uso kwa kile kitambaa cheupe. "Nikasema ni Adrien."

Nilikuwa nimeshika ule ufunguo mrefu wa chuma. Nasema ukweli, nilipima umbali wa kichwa chake. Kasereka alinikaribia, lakini hakunigusa.

"Na ku kilio?" nilisema. "Siku tatu. Ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo alipolia, na machozi yake yalinichefua.

"Ile camion waliiacha ku barabara. Nilienda kutoa pompe yangu. Nilisema, association ikirudia siku moja na pompe haiko, batu watajua."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siku tuliyokuwa tukimteremsha Adrien kaburini, rafiki yake alikuwa kwenye mpando wa Kilo na ufunguo mkononi, akifungua bulon za lori la wauaji. Chuki niliyokuwa nayo mwaka mzima ilikuwa ndogo mno kwake. Nilikuwa nimemchukia kwa sababu ya woga wake tu.

"Toa culasse yako, mama," Sylvestre alisema polepole. "Hakuna mutu hapa atakulaumu. École iende."

Nilikwenda kwenye injini. Niliweka ufunguo juu ya bulon ya kwanza. Lakini ile kulasi nilikuwa nimeilalia mwaka mzima nikidhani ni ukumbusho, kumbe mume wangu alikufa ili ifike uwanjani pale, ifundishe watu. Nikiitoa, wenye bunduki watakuwa wamemuua bure, na Gaspard atarudi nyumbani na pampu yake katika kitambaa cheupe. Nikauondoa ufunguo.

"Funga pompe yako," nilimwambia Gaspard.

Alinitazama kama mtu aliyesamehewa. Aliifunga vizuri, akalinganisha ule mstari wa zamani, akatoa hewa kwenye mabomba. Ni fundi mzuri, sikatai. Kasereka aliunganisha betri. Stata ililia mara mbili, moshi mweusi ukatoka, na injini ikawaka. Kuku walikimbia. Sylvestre alipiga kelele kwa furaha kisha akajizuia.

Nilisimama karibu na pampu, mahali anaposimama mwenye kulasi akisikiliza kama kuna mvujo. Vital alifungua daftari lake akaanza kuita kwa mpangilio wa kufunga.

"Sylvestre!"

"Iko!"

"Adrien!"

"Iko," niliitika, kwa nguvu, na kila mtu alinisikia juu ya ule mngurumo.

Akaendelea kuita, nao wakaitika mmoja mmoja. Gaspard alikuwa amejipangusa mavumbi, amesimama wima, kifua mbele, akingoja.

"Ga..."

Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme. Huzimwa kwa mkono, kwa kuvuta kijiti kidogo kilichoko kwenye pampu. Nilikivuta.

Gaspard alikuwa amefungua mdomo, na neno "iko" likatoka peke yake, dogo, halina injini ya kulibeba.

"Mama," Vital alisema, "hajaitika."

"Ndiyo. Hajaitika."

"Muwashe tena!" Gaspard alipaza sauti. "Iliteleza! Kasereka, washa!"

Kasereka aliinama juu ya betri yake. Tukadhani anawasha. Alikuwa anafungua waya, mmoja, kisha wa pili, akaviringisha nyaya akazitia mfukoni. Gaspard alimgeukia Sylvestre. Sylvestre aliangalia pistoni zake, ambazo hazikuonekana tena. Yule wa Kilo alitema mate chini.

"Siku moja, mara moja," Vital alisoma daftarini, kwa sauti. Ni mara pekee niliyomwona Vital akiwa mwanamume.

Gaspard alitaka kuigusa pampu. "Ni yangu hii."

"Imefungwa," Sylvestre alisema. "Inabaki."

Alitoka bila kitambaa chake. Sikumwangalia akienda, nilikuwa na kazi ya kukagua kulasi. Haikuvuja hata tone.

Jumatatu wenye mradi walikuja, wakaona injini ikiwaka, wakapiga picha, wakatia sahihi. Shule ilibaki Bunia. Kwetu kila kipande hufundishwa na mwenye nacho, kwa hiyo somo la pampu halikuwa na mwalimu. Nikalichukua mimi, juu ya langu la kulasi, na hakuna aliyethubutu kusema habari za mwanamke.

Siku ya kwanza binti mmoja wa mstari wa mbele, Arlette, aliinamia pampu akauliza, "Mama mwalimu, juu ya nini hii iko na mistari mbili?"

Niliweka chaki chini, nikawaambia injini ya pili ilikuwa ya nani.