Kharumwa Haisikiki

Malori matatu ya Mzee Lalji yalikuwa na kipaji kimoja: kufika mahali ambapo pamba hakuna. Msimu wa mwaka tisini na tano lori moja lilikwenda Ushirombo likakuta ghala tupu, na siku hiyohiyo magunia ya Kharumwa yalikuwa nje yananyeshewa mvua ya kwanza, yamefunikwa mikeka na maombi. Mzee mwenyewe hakupandisha presha. Alisema pamba ni biashara ya Mungu, na Mungu hana haraka. Lakini mwanawe Ankit alirudi Shinyanga kutoka masomoni Uingereza na haraka ya watu wawili, na nyuma yake zikaja simu saba za upepo: moja ya ofisini kwenye kinu cha kuchambulia pamba, sita za vituo vya kununulia.

Na simu zikaja na kitabu. Kitabu kilisema kila siku saa mbili kamili asubuhi vituo vyote viingie hewani pamoja, kila kimoja kitaje jina lake, kilo za pamba zilizopo, magunia matupu yaliyobaki na kama kinahitaji lori, kisha kiseme ova na kunyamaza. Ukurasa wa tatu ulikataza salamu. Salamu, kitabu kilisema, zinamaliza betri.

Aliyekichapa kitabu hicho kwa Kiswahili alikuwa Apolonia, mpiga chapa wa ofisi, ambaye Mzee Lalji alimwita Mama Mihayo na Ankit akamwita Apolonia kavu, kama wanavyoitana huko alikosoma. Alipomaliza kuchapa, Ankit alimwambia kwa upole kabisa kwamba mashine ya kuchapa itauzwa mwisho wa Agosti, kwa sababu kompyuta inakuja.

"Na mimi?" Apolonia aliuliza.

"Wewe nakupa simu ya upepo. Ukifanikisha vituo vyote sita viitumie kila siku kabla ya Agosti kuisha, nitahitaji mkuu wa mawasiliano. Ajira ya kudumu, kwa barua."

Apolonia alikuwa na miaka minane kazini hapo na kwa kina Lalji wengine, yote ya muda. Mumewe alikwenda machimbo ya Bulyanhulu mwaka tisini na mbili kwa wiki mbili, na wiki hizo hadi leo hazijaisha. Mihayo alikuwa kidato cha pili, bweni. Kwa hiyo Apolonia hakuuliza kama jambo hilo linawezekana. Alivaa vile vya masikioni, akabonyeza kitufe, akaita vituo vyote kwa sauti ya kitabu.

Wiki ya kwanza hakujibu mtu. Kituo kimoja kilikuwa kimeanikia nguo kwenye waya wa antena. Kingine kilichukua betri kikafungia redio ya muziki. Abel wa Kakola, kijana msomi, aliandika barua na kumpa dereva Onesmo ailete: "Simu ya upepo nimeipokea na inafanya kazi vizuri sana. Tafadhali nijibuni kwa barua."

Aliyeiokoa kazi ya Apolonia ni mtu aliyekataa kukisoma kitabu. Mama Melania, mwangalizi wa kituo cha Ushirombo, alikuwa karani wa ushirika kwa miaka ishirini na mwimbishaji wa kwaya ya misheni kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na sauti yake ingeweza kufika Shinyanga hata bila mtambo. Jumatatu ya wiki ya pili aliingia hewani.

"Mwangaluka, wanangu. Abel wa Kakola, umeamkaje? Mkeo ameshajifungua? Ova."

Apolonia alimkumbusha ukurasa wa tatu.

"Mama Mihayo," alisema Melania, "mtu mzima nimwambie kilo za pamba kabla sijajua kama ameamka salama? Hiyo ni kazi ya mizani. Abel, nakusubiri. Ova."

Sasa niambie, nani ataiacha salamu ya mama wa watu ining'inie hewani? Abel alijibu shikamoo, akasema amepata mtoto wa kike. Kesho yake watu wa vituo vingine wakaingia kumpongeza Abel, na wakishampongeza, wakataja kilo, maana tayari walikuwa wameshika kitufe. Mwisho wa Juni vituo vitano vilikuwa hewani kila siku ya kazi. Apolonia aliandika kwenye daftari dakika za kila msemaji, Ankit akazichora ukutani kwa kalamu nyekundu, mstari ukapanda kama bei ya sukari mwezi wa Ramadhani. Chini yake aliandika kwamba kitabu kimefanya kazi.

Kilichobaki ni Kharumwa. Kharumwa haikusikika hata siku moja. Mwangalizi wake, Makoye, alikuwa mtu mwaminifu kuliko mizani yake, na kila Jumamosi alituma taarifa safi kwa mkono wa Onesmo. Lakini hewani, kimya. Ankit alisema huo ni ukaidi, na kwamba sita ni sita, tano si sita.

Apolonia akapanda lori la magunia matupu hadi njia panda, kisha akabebwa nyuma ya baiskeli kwenye mchanga uliomlazimu kushuka na kutembea zaidi ya alivyopanda. Alifika Kharumwa jioni, akalala kwa dada mmoja wa kanisani, na asubuhi kabla ya saa mbili alikuwa mlangoni kwa Makoye.

Simu ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Saa mbili kamili Makoye alikifunua, akawasha mtambo, na sauti ya Mama Melania ilipoanza kumwagika, akavua kofia, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya ghala akiangalia ukuta. Apolonia alimfuata.

"Baba, mbona unaikimbia simu?"

"Siikimbii simu," alisema Makoye. Alikuwa bado ameshika kofia kifuani. "Huyo anayeongea ni mama mkwe wangu."

Makoye aliugeukia tena ukuta.

"Mke wangu Loveness ni binti yake wa pili. Huyo mama nikikutana naye njiani naingia porini mpaka apite. Jina lake silitaji. Chakula mbele yake sijawahi kula. Leo kampuni inataka nishike chombo niseme, Ushirombo, Ushirombo, unanipata? Nimwite mara mbili kwa kelele, halafu nimuulize kama ananipata? Na watu wa vituo vyote wanasikiliza?"

"Ungemwambia bosi."

"Ningemwambia nini? Amesoma Uingereza."

Apolonia alikuwa amelelewa Usukumani, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliona haya kwa niaba ya kitabu alichokichapa kwa vidole vyake. Alikaa juu ya gunia, akafikiri, kisha akaomba kuonana na Loveness. Mkwe hawezi kusema na mama mkwe, lakini ni sheria gani inamkataza binti kusema na mama yake? Makoye aandike kilo kwenye karatasi, atoke nje na kofia yake, na mkewe asome.

"Wabeja, asante," alisema Makoye, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Umekuja kwa miguu kusikiliza jambo langu. Wengine walinitumia onyo."

Siku ya kwanza Loveness alisoma karatasi kama ilivyoandikwa, Kharumwa, kilo elfu nne, magunia hamsini, ova, na mama yake akamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, kwanza nisalimie." Wakasalimiana kwa dakika arobaini.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kituo kilichochelewa saa mbili. Walizungumza mama na binti juu ya kikohozi cha mtoto, mbuzi aliyekula hati ya kiwanja, padri mgeni anayehubiri kama anafukuzwa, na vituo vingine vikanywa chai vikisikiliza. Madereva walipanga safari zao ili wawe karibu na mtambo. Na katikati ya maneno hayo kazi ikawa inafanyika bila kujijua. Asubuhi moja Loveness alimlalamikia mama yake kwamba ghala limejaa, watoto wanalala na magunia ya pamba chumbani. Abel akabonyeza kitufe akasema samahani mama, Onesmo yuko hapa Kakola na lori lake ni nusu tupu, apite? Jioni pamba ya Kharumwa ilikuwa njiani. Msimu ule malori ya Mzee Lalji yalifika mahali penye pamba, na yeye akaanza kuyaogopa.

Mstari mwekundu ulipita ukingo wa karatasi, Ankit akabandika karatasi ya pili. Vituo sita. Apolonia aliposhika daftari lake alijisikia mwepesi. Alikwisha kupanga jinsi atakavyomwandikia Mihayo, na mahali pa kuiweka ile barua kwenye sanduku.

Tarehe ishirini na nane Agosti Ankit alimwita. Alikuwa amejumlisha dakika zote.

"Mkuu wa mawasiliano lazima awe mtu anayekitumia chombo kuliko wote," alisema. "Huo ndio mfano kwa wengine. Ushirombo, Mama Melania: saa arobaini na moja. Wewe, Apolonia, saa tatu."

"Kitabu kilisema tuongee kifupi."

"Kitabu kilikuwa cha kuanzia." Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kusikitika kweli. "Namleta Melania hapa Shinyanga. Kesho utangaze hewani, wewe ndiye waliyemzoea."

Apolonia alirudi kwenye kiti chake akakaa. Iliuma. Iliuma zaidi kwa kuwa dakika hizo alizihesabu mwenyewe, moja moja, kwa uaminifu, na za kwake akazibana ili betri isiishe.

Kesho yake saa mbili alitangaza. Hakuongeza neno wala kupunguza: kuanzia Septemba Mama Melania wa Ushirombo atakuwa mkuu wa mawasiliano, vituo vyote vitatoa taarifa kwake, na yeye Apolonia anawaaga. Ova.

Hewa ilinguruma tupu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mtamboni.

"Hapa ni Kharumwa. Ni mimi Makoye." Alipumua kwa nguvu. "Nawaomba radhi wakubwa wote wanaonisikia, na mmoja zaidi ya wote. Huyu mama anayeondoka ndiye aliyekuja mpaka hapa akauliza kwa nini. Kama yeye haendelei, chombo hiki nakifunika na kitambaa chake, na taarifa mtazipata kwa Onesmo. Nimemaliza." Alisahau kusema ova, kwa hiyo wote walimsikia akilia kidogo kabla hajaachia kitufe.

Ushirombo ndiyo iliyojibu.

"Mama Mihayo," Melania alisema, kwa sauti ndogo ambayo Apolonia hakujua kama anayo, "mwambie huyo baba wa wajukuu zangu kwamba aliyoyasema nimeyasikia, na kwamba sikuyasikia. Mwambie na Ankit siji. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti ambacho kila asubuhi mkwe wangu lazima aniripoti. Na chombo ambacho yeye ameshaongea ndani yake, mimi sikishiki tena. Msaidizi wangu, anayeitwa Sikujua, ndiye atakayesoma kilo. Kaeni salama, wanangu."

Ankit alitaka kujua kumetokea nini. Apolonia alimweleza ukwe kwa nusu saa, akaambulia kuandikiwa kwenye daftari "sababu za kifamilia". Mama mzazi wa Ankit, Maniben, aliyekuwa barazani akichagua mchele, ndiye aliyemaliza kesi. Alisema yeye hakumwonyesha baba mkwe wake uso kwa miaka kumi na minane, katika nyumba ya vyumba vitatu, na akamuuliza mwanawe huko Uingereza alifundishwa na nani.

Mchana ule Apolonia alipewa barua. Ilikuwa na muhuri, na neno "kudumu" lilikuwa limeandikwa mara mbili. Aliisoma chooni, peke yake, akalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli.

Makoye alipeleka ndama Ushirombo kuomba msamaha, ndama akapokewa, amani ikarudi. Lakini Mama Melania hakurudi hewani, maana heshima ni heshima. Loveness naye hakuwa na wa kusema naye, akarudi jikoni.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa mbili kamili, mkuu wa mawasiliano aliita vituo vyote. Ushirombo akajibu Sikujua: kilo, magunia, lori, ova. Kharumwa akajibu Makoye mwenyewe: kilo, magunia, lori, ova. Abel naye vivyo hivyo, na wengine, mmoja baada ya mwingine, bila neno la ziada. Ankit alisimama mlangoni na saa mkononi.

"Dakika nne," alisema, akatabasamu. "Umeona? Mwishowe wamekielewa kitabu."

"Ndiyo, bosi," alisema Apolonia.

Akaandika nne kwenye daftari, akalifunga. Alibaki na vile vya masikioni, akisikiliza mnguruo, mpaka saa tatu, mpaka saa nne. Ajira ilikuwa ya kudumu, na siku nzima hakuna aliyemuuliza ameamkaje.