Alizeti za Ottilia

Ottilia alipiga magoti kama mtu apandaye vitunguu, akachora msalaba wake mwenyewe kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kisha akainuka taratibu akishikilia fuawe. Mumewe, Wendelin mhunzi, hakutazama chini. Alikuwa akinyoosha jembe la jirani lililokuwa limenyooka tangu asubuhi.

Misalaba yote ya chuma makaburini kwetu, katika nyika hizi za Dakota, Marekani, ilipita mikononi mwake. Aliwafulia misalaba watoto waliokufa kwa dondakoo, na wazee waliotoka Urusi na mbegu za alizeti kwenye pindo za nguo. Lakini tangu daktari aseme uvimbe wa tumboni mwa Ottilia hautibiki, akiombwa msalaba alijibu kwamba chuma kimeadimika. Chuma kilijaa hadi mlangoni.

“Leo nimekuja kama mteja,” Ottilia alisema.

“Mteja ningemfukuza.”

“Nifukuze basi. Nitakwenda kwa yule mlevi wa ng’ambo ya mto, anifulie msalaba kama uma wa kuchotea nyasi.”

Wendelin alicheka bila kutaka. Ndipo akatazama sakafuni.

“Na haya magurudumu?”

“Alizeti, mzee wangu.”

“Msalabani? Padri atasema nini?”

“Padri anatafuna mbegu zangu kila Jumapili. Atanyamaza.”

Miezi yote hiyo Wendelin alidhani kwamba asipoufua msalaba huo, kifo kitakosa mahali pa kusimama. Sasa aliona kwamba aliyekosa pa kusimama ni mkewe. Akatia chuma motoni. Ottilia akashika mivukuto, akavukuta hadi pumzi zikamwishia, wala Wendelin hakumzuia.

Msalaba ulikamilika kabla ya theluji. Ottilia aliukagua, akasema jani moja limepinda, mengine yatamfaa. Aliutaka ukae jikoni, karibu na moto, usije ukashika kutu, na kila jioni aliutundikia aproni yake. Wageni wakigutuka, aliwaambia, “Piteni tu. Huo bado haujaanza kazi.”

Ulianza mwezi Machi. Wendelin alipokuja kuuchukua, aproni ilikuwa ingali pale, ina unga kwenye mfuko. Aliitungua, akaishika kitambo asijue aiweke wapi. Kisha akajifunga kiunoni, akauinua msalaba begani, akatoka.