Maktaba ya Msaragambo

Kufundisha watoto wa Darasa la Pili kutumia maktaba ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unawafundisha kunawa mikono na kuikausha vizuri, maana mkono wenye maji huharibu karatasi kuliko wenye vumbi. Unawafundisha kufunua ukurasa kwa kushika pembe ya juu, bila kulamba kidole. Kila mtoto unampa kijiti chenye jina lake: akitoa kitabu rafuni, anaacha kijiti pale kilipokuwa, ili ajue pa kukirudisha. Wiki tatu zinatosha. Mimi, mwalimu Rogathe, nimefundisha hayo katika shule tatu na sijawahi kushindwa. Mwaka jana ndipo nilipofundisha na jambo jingine, na mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Shule yenyewe iko Upare ya kusini, juu huko ukishapita Mhezi, ambako asubuhi za ukungu unaita majina ya watoto mstarini bila kuziona nyuso zao. Chumba cha maktaba kilijengwa kwa msaragambo. Pembe inapulizwa alfajiri, kila kaya inatoa mtu, mnabeba mawe na matofali mpaka jua likolee. Hakuna anayelipwa. Asiyetoka anaandikwa, na akishaandikwa, maneno matupu hayamfuti. Kwetu Shighatini, Upare ya kaskazini, nako ni hivyo hivyo, kwa hiyo siku ya kufungua maktaba, Mzee Eliamini, mwenyekiti wa kamati, aliposimama akatangaza kwamba kitabu kitatoka na mtoto ambaye kwao walitoka kujenga, sikuona ubaya. Nilipiga makofi kama wengine. Nadhani nilipiga kuliko wengine.

Blessing alikuwa na miaka minane. Alilelewa na bibi yake, Bibi Koleta, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata kufika jikoni hawezi. Nyumba ya watu wawili, mmoja mgonjwa, mwingine mtoto: atoke nani? Bibi Koleta akaandikwa siku nne.

Na huyo Blessing ndiye aliyekuwa bingwa wa darasa. Mwenzake akirudisha kitabu kichwa chini miguu juu, yeye anakigeuza huku akiguna kama mama mkwe. Kila Ijumaa Mzee Eliamini alikaa mlangoni na daftari lake, watoto wakipita mmoja mmoja na vitabu vyao kwenda navyo nyumbani. Blessing alibaki ndani akinyoosha rafu.

Siku moja mwezi wa kumi alinifuata.

"Shikamoo mwalimu. Naomba niende na kitabu cha mbuzi. Mara moja tu."

"Marahaba. Si ulikisoma hapa hapa?"

"Nilikisoma. Nimemsimulia bibi chote. Bibi anasema maneno ameyasikia, sasa anataka kumwona huyo mbuzi mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Anasema nisichelewe. Anasema Krismasi yeye haioni."

Kilikuwa kitabu chembamba cha mbuzi aliyetoroka mnadani, kimejaa picha. Kingeingia chini ya sweta langu bila mtu kujua. Nalisema jambo hili kwa sababu nililiwaza wakati ule ule, nikaliacha. Nilikuwa mgeni, nyumba ninayolala ilijengwa na mikono ya watu hao hao, na nilipenda kupendwa nao. Nikaenda kwa Mzee Eliamini, kwa utaratibu.

"Mwalimu," alisema, "unakiona hiki?" Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimepinda tangu kilipobanwa na jiwe la msingi. "Simwonei mtoto. Lakini ukimwachia mmoja, kesho pembe ikilia atatoka nani?"

 Nilimwomba tu alipeleke ombi kwenye kamati. Kamati ikakaa, ikarudi na jibu: ukingo wa kuzuia udongo nyuma ya maktaba haujaisha, mawe yanatakiwa kutoka mtoni. Mtoto abebe mwenyewe, yale ya ukubwa wake, jioni nne baada ya masomo, na jina la kaya litafutwa daftarini.

Nilifurahi! Nilimwita Blessing nikamwambia habari kana kwamba nampa zawadi. Naye akafurahi. Alinishukuru kwa kupiga goti.

Alianza Jumatatu. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi akipanda kutoka mtoni, jiwe kichwani, mkono mmoja ukilishika na mwingine ukishika sketi. Jumanne nilitaka kushuka nikampokee, nikajiambia kwamba nikimsaidia hawatamhesabia. Jumatano sikutazama dirishani. Katika jioni zote hizo sikujiuliza hata mara moja, mtoto huyu akiwa mtoni, nani yuko na Bibi Koleta nyumbani.

Alhamisi akamaliza. Mzee Eliamini alikuja mwenyewe, akayatazama mawe, akapiga mstari juu ya jina daftarini. Kisha akatoa ufunguo. "Asingoje mpaka kesho," alisema. "Mpe leo leo." Nikaandika kadi, Blessing akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akatoka mbio.

Baada ya kama nusu saa nami nikamfuata. Nilibeba sukari kidogo, lakini nisidanganye, nilikwenda kushukuriwa. Nilitaka kumwona yule bibi akitabasamu, na kujua kwamba tabasamu lile ni kazi yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Blessing alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, anasoma kwa sauti, pole pole, kila ukurasa akiufunua kwa pembe ya juu. Akimaliza ukurasa anakigeuza kitabu na kukisogeza karibu na uso wa bibi yake, anangoja kidogo, kisha anaendelea.

"Amelala, mwalimu," aliniambia. "Lakini namwonyesha hivyo hivyo."

Niliushika mkono wa Bibi Koleta. Ulikuwa umeshapoa.

Jirani alisema baadaye kwamba kwenye saa kumi alimsikia akiita, "Blessing! Blessing we!" Akadhani mtoto yuko uani. Kila mtoto mwingine wa kijiji alikuwa kwao saa hiyo.

Ijumaa pembe ililia, watu wote wakatoka. Wakachimba kaburi, wakaleta kuni, maji, mahindi na maharage. Hakuna aliyekosa, Mzee Eliamini alilia waziwazi, na mimi nilichukia kila mmoja wao, nikianzia na mimi.

Jirani akamchukua Blessing. Januari nikamfanya msaidizi wa maktaba, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Alifanya kazi vizuri mno. Hakucheka tena, lakini rafu zilinyooka.

Mwezi wa pili ikawa zamu ya Darasa la Kwanza kuazima kwa mara ya kwanza. Miongoni mwao alikuwapo Naserian, wa miaka sita, aliyepanda mlimani na wazazi wake kutoka kule tambarare baada ya Krismasi. Baba yake alipata kazi ya ulinzi kwenye zahanati. Alichagua kitabu cha ng'ombe, akakikumbatia, akaelekea mlangoni. Blessing akasimama mbele yake.

"Kwenu mlitoka?"

"Kutoka wapi?"

"Msaragambo. Mlibeba mawe?"

Naserian akatikisa kichwa. Blessing akakichukua kitabu kifuani mwa yule mtoto, taratibu, bila kukivuta. Naserian akaanza kulia.

Mzee Eliamini akalifunga daftari lake. "Mwache, mjukuu wangu," alisema. "Mwache mwenzio aende nacho. Hawa walikuwa hawajafika."

Blessing alimtazama, kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule ule wa kumsahihisha mwenzake aliyekosea.

"Mwalimu," aliuliza, "yeye ana bibi mgonjwa?"

"Hapana," nikasema.

"Basi ana muda wa kubeba," akasema, akaenda kukirudisha kitabu rafuni.