Walioondolewa Kwenye Slaidi

Jumatatu, saa nane kasoro robo mchana, Skolastika alifunga dirisha la sebuleni ili kelele za jirani anayechomelea mageti zisimwingilie, akaweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, akavaa koti la suti. Chini alibaki na kanga na kandambili, kwa kuwa kamera haifiki huko. Kutoka nyumba hii ya Bombambili, Songea, alikuwa akifundisha watu kuzungumza mbele ya wakubwa: kuandaa slaidi, kutazama kamera, kusema kwa dakika kumi jambo lililozoeleka kusemwa kwa saa nzima. Wanafunzi wake walikuwa maofisa ugani, viongozi wa ushirika, na yeyote aliyetakiwa kujieleza mtandaoni huku moyo ukimwenda mbio.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza. Alikuwa na mkono mwepesi wa kupunguza, na kusema kweli aliuonea fahari. Alichokiondoa kwenye slaidi za watu kilihamia nyumbani kwake. Mwaka wa kwanza aliondoa ng'ombe mwenye mabaka kwenye mada ya Hironimus, daktari wa mifugo, na kesho yake ng'ombe huyo akakutwa nyuma ya choo anakula majani ya mgomba. Akafuata mzee Kajetani wa Mpitimbi, mfuga nyuki aliyefariki zamani, ambaye katika mada ya mtu fulani alikuwa mfano mrefu mno. Mzee alipewa chumba cha uani. Bartolomeo, mjumbe wa mtaa, alikuja na daftari la wageni kama anavyofanya kwa kila nyumba.

"Ametokea wapi?"

"Slaidi ya nne."

Bartolomeo aliandika hivyo. Akauliza atakaa muda gani, akaambiwa haijulikani, akaandika hivyo pia.

Mwanafunzi wa Jumatatu hiyo alikuwa Mwamvua, mhudumu wa afya wa kijiji kimoja cha Tunduru, ng'ambo ya mto. Kijiji chake kilikuwa na zahanati mpya yenye kitanda, mizani na bati linalong'aa, ila hakikuwa na mkunga. Shirika moja la wafadhili lilikuwa tayari kumlipa mkunga mmoja, kwa kijiji kitakachojieleza vizuri siku ya Alhamisi. Mwamvua hakutaka kukosa. Binti yake wa mwisho, Tabu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na ilikuwa Novemba, mawingu yamekwisha kujikusanya.

Akasoma alichoandaa. "Asalaam aleikum wakubwa zangu. Habari za huko? Watoto hawajambo? Kazi zinaendaje? Na sisi huku hatujambo, wazima kabisa, ila mwezi wa pili tulimpoteza binti wa kaka yangu, Nasrin. Uchungu ulimshika alfajiri, mto umejaa, mkunga hatuna, tukambeba kwa baiskeli, akatufia njiani na mtoto wake tumboni. Na mvua je, huko mmepata?"

Watu wa kwetu ndivyo wanavyosema. Habari nzito huwekwa ndani ya salamu, baada ya "hatujambo", ili asiyejiandaa isimwangukie ghafla. Aliyesikiliza salamu amesikia yote, na yanayofuata ni mazungumzo tu. Skolastika alizaliwa humu humu na alilijua hilo vizuri. Lakini aliwajua na wafadhili, kwamba kwao salamu si hoja. Akaziondoa zote. Mahali pake akaweka mchoro wa duara na mstari mmoja: Vifo vitokanavyo na uzazi, 1.

"Sasa Nasrin atakaa wapi, mwalimu?" Mwamvua aliuliza.

"Yumo humo kwenye hiyo moja, dada."

Mwamvua alisogeza uso karibu na kioo cha simu. "Mbona simwoni?"

Jumanne asubuhi Ida, mama yake Skolastika, alikuwa anafagia uwanja alipoona msichana mwenye matope hadi magotini anavua ndala mlangoni. Tumbo lilikuwa bado kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kwa shangazi Mwamvua. Nimeondolewa."

"Pole. Pita ndani, maji ya kuoga yapo kwenye ndoo."

Nasrin alioga, akaomba kazi, akapewa maharage achague. Hakula kitu. Skolastika alimpita mara tatu akienda jikoni bila haja ya kwenda jikoni, na mara ya tatu aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupata joto masikioni. Mzee Kajetani alikuwa mfano. Huyu alikuwa ndiye habari yenyewe. Jioni akampigia Mwamvua.

"Dada, turudishe salamu."

"Zote?"

"Zote. Hata za mvua."

Alhamisi Mwamvua aliketi katika ofisi ya chama cha wakulima wa korosho, Tunduru, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikoshika. Skolastika alifuatilia akiwa nyumbani, kamera yake imezimwa. Upande wa pili walikuwa wawili: mwenyekiti wa jopo, Joachim, na mtaalamu wa takwimu, Noela. Mwamvua alisalimia taratibu. Alipofika kwenye "ila", Nasrin aliweka ungo chini, akamshukuru Ida kwa maji ya kuoga, akatoka. Pale pale akaonekana kwenye kioo, ameketi ubavuni kwa shangazi yake, akaanza kueleza mwenyewe jinsi baiskeli ilivyoyumba kwenye mchanga.

"Mshiriki wa pili naomba azime maikrofoni," Joachim alisema. "Kuna mwangwi."

Nasrin aliizima. Akaendelea kueleza kwa mikono.

Dakika ya kumi ilipotimia, Noela aliwashukuru. Alikuwa mama mpole, sauti yake ilikuwa imepungua. Alisema kisa kimemgusa sana, slaidi zina mpangilio mzuri, isipokuwa mwanzo umekuwa mrefu. Akasema kigezo chao ni vifo vitatu kwa mwaka katika kijiji kimoja.

"Nyinyi mna kimoja. Mwakani takwimu zikibadilika, mtuandikie tena."

"Tutawaandikia," Mwamvua alijibu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kumaliza kwa adabu.

Skolastika alikuwa bado hajafunika kompyuta Nasrin aliporudi kuokota ungo wake. Skolastika alivua koti la suti, akamwambia Mwamvua kwenye simu amlete Tabu Songea ajifungulie huku, hospitali si mbali na nyumba. Jumamosi Tabu akashuka na basi la Tunduru, miguu imevimba. Nasrin alimwachia kitanda. Walikuwa wamelelewa pamoja, wakawa wanacheka mchana kutwa mambo yao ya utotoni, mmoja akinywa uji na mwingine akimtazama anavyokunywa.

Wiki ya tatu Tabu alijifungua mtoto wa kike, salama. Skolastika alilia kwa furaha mbele ya wauguzi bila kuona haya. Akampigia Mwamvua, simu ikiwa kwenye spika ili na Ida asikie.

"Mungu akulipe, mwalimu," Mwamvua alisema. "Mungu akulipe."

"Na huko hamjambo?"

"Hatujambo, wazima kabisa, ila mto umeanza kujaa, na wajawazito wamebaki kumi na mmoja."

Safari hii Skolastika hakukata kitu. Alisikiliza salamu hadi mwisho.

Ida alinawa mikono, akachukua kikapu, akaenda sokoni. Alirudi adhuhuri nyuma ya bodaboda, amekumbatia mikeka iliyokunjwa. Skolastika aliihesabu kwa macho: kumi na mmoja.

"Mama, hao hata kwenye slaidi hawakuandikwa."

"Ndiyo maana," Ida alisema. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. "Ikibaki bila watu nitapiga magoti nimshukuru Mungu. Nishikie upande wa pili."

Nasrin ndiye aliyeshika upande wa pili. Wakaitandika, wakianzia mlangoni.